KiCad, EasyEDA au Altium Designer: ipi ikufae unapochora jozi tofautishi

Fundi aliyezoea bodi za rilei, taa na vipima joto huweza kukaa miaka bila kujali njia ya shaba imepita wapi, maadamu imefika. Siku anapoweka soketi ya USB ya kasi, Etheneti au HDMI kwenye bodi yake, mambo hubadilika, kwa kuwa sasa ana jozi tofautishi: njia mbili zinazobeba ishara moja, hii ikipanda ile ikishuka kwa wakati uleule, na kipokezi cha upande wa pili kikisoma tofauti iliyopo baina yao. Njia hizo lazima zitembee pamoja kwa upana mmoja na pengo moja, juu ya graundi isiyokatika (tabaka la shaba lililo chini yake, ambalo ishara hurudia), na zifike zikiwa na urefu unaokaribiana. Hapo ndipo uchaguzi wa programu ya kuchora bodi za saketi huanza kuwa na uzito, na swali hili huulizwa sana na vijana wanaosoma uhandisi hapa Tudor pamoja na mafundi wa Mombasa wanaochora bodi zao na kuziagiza zitengenezwe Uchina: nichukue KiCad, nibaki na EasyEDA, au nitafute Altium Designer?

Nitazilinganisha kwa kazi hii peke yake, si kwa uzuri wa picha zao wala kwa wingi wa maktaba zao. Zote tatu zinajua kuvuta njia mbili kwa mpigo mmoja wa kipanya. Zinapoachana ni katika mambo mawili: nambari za upana na pengo zinatoka wapi, na ni nani atakayekushika mkono utakapozikiuka. Kwa msomaji mwenye haraka niseme mapema kwamba KiCad inamtosha fundi au mwanafunzi anayechora USB, Etheneti na hata HDMI. EasyEDA inafaa kwa bodi ndogo yenye jozi moja au mbili. Na Altium Designer inastahili gharama yake pale tu ambapo jozi ni nyingi, zinapita matabaka kadhaa, na yupo mtu wa kulipia leseni.

Nambari zinatoka wapi

Bodi iliyonifundisha jambo hili ilikuwa ya mteja wa Likoni mwenye vyumba vya baridi vya samaki. Alitaka kifaa cha kurekodi joto chenye kigawanyaji cha USB ndani yake, ili modemu na kisoma kadi vitumie mlango mmoja. Niliichora kwenye bodi ya matabaka mawili yenye unene wa milimita 1.6, nikaipa kila njia upana wa milimita 0.2 na pengo la milimita 0.25, kwa sababu ndizo nambari nilizozikuta zimewekwa tayari ndani ya programu, na jozi ikasafiri kama sentimita saba. Ukaguzi wa kanuni unaofanywa na programu ulipita bila kosa hata moja. Bodi zilipofika, modemu iliwaka, ikapotea baada ya dakika chache, ikarudi, ikapotea tena, na hali ilizidi kila kompresa ya chumba cha baridi ilipoanza kunguruma. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha modemu, nikaongeza kapasita. Kosa lilikuwa kwenye shaba yenyewe.

USB ya kasi ya megabiti 480 kwa sekunde inataka impidansi tofautishi, yaani upinzani ambao jozi huuonyesha kwa ishara ya kasi, ya omu 90. Etheneti na HDMI zinataka omu 100. Nambari hiyo haitokani na upana wa njia peke yake. Inatokana na upana, pengo, unene wa kihami kilichopo kati ya njia na graundi iliyo chini yake, na aina ya kihami hicho. Graundi yangu ilikuwa chini kabisa, umbali wa karibu milimita moja na nusu, na kwa njia nyembamba kiasi kile impidansi ilikuwa imepita omu 140. Ukitaka kuona ukubwa wa tatizo, fikiria kwamba njia moja ya omu 50 juu ya bodi ya namna hiyo huhitaji upana wa karibu milimita tatu. Kwenye bodi ya matabaka manne inayoagizwa kwa kawaida, graundi iko kama milimita 0.2 tu chini ya uso, na hapo njia za takriban robo milimita, zikiachana kwa milimita 0.2 hivi, hukufikisha karibu na omu 90 bila taabu. Nilipoichora upya kwa matabaka manne, kifaa kilitulia.

Ninaieleza bodi hiyo kwa urefu kwa sababu hapa ndipo programu hizi tatu zinapotofautiana zaidi. Altium Designer ndiyo pekee kati yake inayounganisha mambo haya moja kwa moja: unaandika mpangilio wa matabaka, unasema unataka omu 90 za jozi, nayo inakokotoa upana na pengo kwa kila tabaka kwa kutumia kikokotozi cha uga wa sumakuumeme, kisha kanuni ya jozi inazichukua nambari hizo. Jozi ikishuka kutoka tabaka la juu kwenda la ndani, upana hubadilika wenyewe. Kosa langu la Likoni lingekuwa gumu kutokea huko, mradi ningekuwa nimeandika shabaha ya omu 90 mahali pake.

KiCad, hadi toleo la 9 lililotoka Februari 2025, haikufanyii hivyo. Ina sehemu ya kuandika mpangilio wa matabaka, na ina kikokotozi chake cha njia za kupitisha mawimbi, lakini vitu hivyo viwili havizungumzi: unakokotoa upande mmoja, kisha unaandika matokeo kwa mkono wako katika kundi la neti (neti ni pedi na njia zote zilizounganishwa kuwa waya mmoja), mahali palipotengwa kwa upana wa jozi na pengo la jozi. Katika kikokotozi hicho, kwa njia mbili zilizo jirani, mimi huangalia impidansi ya kila njia wakati ishara zinapopingana, na kuizidisha kwa mbili; kwa hiyo anayetafuta 90 anatafuta 45. Wanafunzi wengi huandika 90 pale na kupata njia nyembamba ajabu. Kinatumia kanuni za hesabu zilizorahisishwa, nacho kinatosha kwa kazi nyingi, ingawa ni vyema kulinganisha jibu lake na kikokotozi cha kiwanda utakachokiagizia.

EasyEDA nayo inakuachia hesabu, lakini kwa kuwa ina uhusiano wa karibu na kiwanda cha JLCPCB, mpangilio wa matabaka unaoagiza unajulikana mapema na kikokotozi cha kiwanda kiko mtandaoni karibu na wewe. Kwa mtu anayeagiza huko kila mara, jambo hili huokoa muda na huondoa kubahatisha. Kwa anayeagiza kwingine, faida hiyo haipo.

Niongeze neno kwa wenzangu wa Pwani. Bodi zetu hupakwa vanishi kwa sababu ya chumvi na unyevu wa bahari, na vanishi ikikaa juu ya jozi hushusha impidansi kidogo, kwa kuwa mahali palipokuwa na hewa sasa pana kihami. Kwa USB haisumbui. Kwa jozi za kasi kubwa zaidi ikumbuke kabla ya kuchagua upana, kwa sababu programu haiwezi kujua utapaka nini baadaye usipoiambia.

Majina ya neti

Hili ni dogo lakini limewalaza watu macho. KiCad hutambua jozi kwa jina: neti mbili zenye shina moja, moja ikiishia na P na nyingine N, au moja alama ya kujumlisha na nyingine ya kutoa. USB_D+ na USB_D- zinatambuliwa. USB_DP na USB_DM, ambazo ndivyo zilivyoandikwa kwenye karatasi za maelezo za chipu nyingi, hazitambuliwi, kwa kuwa herufi ya mwisho ni M, na programu itakuambia haioni jozi ilhali wewe unaiona mbele yako. Toleo la kawaida la EasyEDA lina tabia hiyohiyo. Altium inakuruhusu kutangaza jozi kwa neti zozote mbili, ziwe na majina gani, na toleo la Pro la EasyEDA lina mahali pa kuzipanga jozi kwa kuzichagua. Anayetumia KiCad abadilishe jina kwenye mchoro wa saketi kabla hajaanza kuvuta njia. Ni kazi ya dakika moja.

Mkono unapokuwa kazini

Katika KiCad unabonyeza 6, unagusa pedi moja ya jozi, na njia mbili zinatoka pamoja zikifuata kipanya. Ukikutana na via (tundu lenye shaba linalounganisha matabaka) ya neti nyingine njiani, una hiari: jozi iizunguke, au iisukume pembeni pamoja na njia zilizoshikana nayo. Uwezo huo wa kusukuma ulitokana na mchango wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na kwa maoni yangu ndio sababu kubwa ya KiCad kuheshimika leo kwa kazi hii. Ukibonyeza V, via mbili hushuka kwa pamoja, kwa nafasi uliyoiandika mwenyewe katika kanuni. Altium inasukuma kwa ulaini zaidi, hasa pale penye msongamano, na jozi iliyokwisha kuchorwa hukubali kuburutwa bila kuvunjika umbo. EasyEDA inavuta jozi vizuri mahali palipo wazi, lakini kwenye kona iliyobanwa mara nyingi nimelazimika kufuta na kuanza tena.

Jaribio zuri la kupima programu yoyote ni soketi ya USB-C yenye miguu 16. Ukitazama safu yake kwa karibu, pedi za data ni nne, nazo zimepangwa kwa kupokezana: kutoa, kujumlisha, kutoa, kujumlisha. Sababu ni kwamba plagi huingia kwa upande wowote, hivyo kila ishara ina pedi mbili, na ni lazima uziunganishe zile mbili za kujumlisha na zile mbili za kutoa. Ukitaka jozi ianzie pedi mbili za katikati, haiwezekani kufanya hivyo bila njia moja kuvuka nyingine. Hakuna programu kati ya hizi itakayokutatulia fumbo hilo kwa zana ya jozi. Zote huona pedi nyingi zaidi ya mbili na kuchagua mojawapo. Ninachofanya ni kuunganisha ishara moja kwa kitanzi kifupi upande wa nyuma wa safu ya pedi, na nyingine kwa via mbili ndogo zinazopita tabaka la chini, zote kwa zana ya njia moja, kisha ndipo ninapoanza jozi kutoka pedi mbili za katikati. Kipande hicho cha kuvuka kikibaki ndani ya milimita mbili au tatu, USB ya megabiti 480 haitajua. KiCad inakubali mchanganyiko huu bila kelele. Altium hukubali pia, lakini itauhesabu urefu ambao njia hazikuwa pamoja na kukuonya ukipita kikomo cha kanuni. Onyo hilo ninalipenda, nalo linapatikana hata kwenye KiCad ukiliandika mwenyewe katika kanuni maalumu, jambo ambalo wachora bodi wachache hulifanya.

Urefu, na hofu yake

Hapa watu hupoteza saa nyingi bila sababu. Juu ya bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, ishara hutumia takriban pikosekunde sita kupita milimita moja. Biti moja ya USB ya megabiti 480 inadumu pikosekunde 2,083. Kwa hiyo njia moja ikizidi mwenzake kwa milimita moja, umepoteza sehemu isiyofika tatu kwa elfu ya biti. Nimeona bodi ya mwanafunzi ambayo jozi ya USB ilijazwa viwimbi vya kusawazisha urefu hadi ikaharibu pengo lake mwenyewe, na graundi iliyo chini imekatwa na njia ya umeme. Kilichostahili kuangaliwa ni ile graundi.

Kwa HDMI mambo yanakaza. Picha ya 1080p ya fremu 60 hupita kwa gigabiti 1.485 kwa sekunde katika kila jozi ya data, biti moja ikiwa na pikosekunde 673, na jozi nne lazima ziende kwa adabu. Kila kona ya digrii 45 huirefusha njia ya nje. Kwa njia za milimita 0.25 zilizoachana kwa milimita 0.2, tofauti ni kama milimita 0.37 kwa kona. Ukikata kushoto kisha kulia, tofauti hujifuta yenyewe, na huko ndiko kusawazisha bora kuliko viwimbi vyote. Inayobaki ndiyo unayoisawazisha kwa zana.

KiCad ina vitufe vitatu kwa kazi hii: 7 kwa urefu wa njia moja, 8 kwa urefu wa jozi nzima, 9 kwa tofauti ya ndani ya jozi. Tangu toleo la 8, viwimbi hubaki kuwa kitu kimoja unachoweza kukirudia na kukibadilisha, badala ya kuwa vipande vya njia vilivyotawanyika ambavyo ilibidi uvifute kimoja kimoja. Udhaifu wake umo kwingine: ukiweka rezista au kapasita katikati ya jozi, neti inakatika na kuwa mbili zenye majina mawili, na katika matoleo niliyoyataja KiCad hupima kila kipande kivyake. Unajumlisha mwenyewe kwenye karatasi. Altium inaweza kutazama ishara kutoka chipu ya mwanzo hadi ya mwisho ikivuka rezista hiyo, na kupima safari yote kwa pamoja. Kwa bodi yenye jozi mbili, karatasi inatosha. Kwa bodi yenye jozi 20 na kumbukumbu ya DDR pembeni, karatasi itakuangusha, na hapo sina ubishi kwamba Altium ndiyo chaguo. Toleo la Pro la EasyEDA linasawazisha urefu kwa kiwango kinachofaa kazi za wastani, nalo ni bora kwa mbali kuliko toleo la kawaida.

Ukaguzi wa graundi

Ishara ya jozi hurudi pia kupitia graundi iliyo chini yake, na jozi ikivuka mpasuko wa graundi, kelele huongezeka kwa namna ambayo multimita haitakuonyesha. Altium ina kanuni ya njia ya kurudia ambayo huangalia kama graundi ipo chini ya jozi kwa urefu wake wote. KiCad haikupi ukaguzi huo ukiwa tayari. Mimi huzima matabaka yote isipokuwa lile la jozi na lile la graundi, kisha hufuata jozi kwa jicho kutoka soketi hadi chipu yake, na siipeleki bodi kiwandani kabla ya kufanya hivyo. Anayetumia EasyEDA afanye vilevile.

Gharama, mtandao na kompyuta

KiCad ni bure, msimbo wake uko wazi, nayo hukaa kwenye Windows, macOS na Linux. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Grenoble, Ufaransa, na hakuna anayeweza kukufungia faili zako. EasyEDA ni bure pia na huendeshwa ndani ya kivinjari, jambo linalomfaa mwenye kompyuta dhaifu. Mombasa imebahatika kwa mtandao, kwa kuwa nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS, zilizoanza kazi mwaka 2009, zinatua hapahapa. Lakini umeme ukikatika jioni na kisambaza mtandao kikazimika, anayechora kwenye kivinjari husimama, huku mwenye KiCad kwenye kompyuta mpakato akiendelea hadi betri iishe. Toleo la Pro la EasyEDA linaweza kusakinishwa na kutumika bila mtandao, nami ningemshauri mkazi wa huku achague njia hiyo.

Altium Designer hukaa kwenye Windows pekee, na leseni yake ya kibiashara hugharimu maelfu ya dola. Kwa karakana ya watu wawili, fedha hizo ni bodi za majaribio za miaka kadhaa, na bodi za majaribio hufundisha zaidi. Mwanafunzi anayepata leseni ya masomo aitumie bila kusita, akijua tu kwamba leseni hiyo si ya kazi za wateja.

Wapo bado wanaotumia EAGLE, programu nyingine ya kuchora bodi. Autodesk iliinunua mwaka 2016 na ilitangaza kuwa mwisho wake ni Juni 2026, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza nayo mradi mpya.

Kuanza na moja hakukufungi. KiCad husoma bodi za Altium na EAGLE, na tangu toleo la 8 husoma za EasyEDA pia, la kawaida na la Pro. Ninapohamisha bodi ya mteja, hatua yangu ya kwanza ni kufungua makundi ya neti na kuandika upya upana na pengo la kila jozi, kwa sababu shaba iliyokwisha kuchorwa huhama salama lakini siamini kwamba kanuni zimehama nayo. Kisha naangalia majina. Jozi ambayo haikutambuliwa hujulikana mara tu unapobonyeza 6 juu ya pedi yake, na mara nyingi ni ileile M iliyosimama mahali pa N.